Umeshalipiwa

Gari linasogea hadi kwenye dirisha la mgahawa, pale dereva anapolipa na kupokea alichoagiza bila kushuka. Dereva ana kadi mkononi na jicho moja liko kwenye saa. Mhudumu anainama, anatabasamu, anasema: "Umeshalipiwa na aliyekutangulia." Dereva anageuza shingo kutazama mbele, lakini gari lile limeshaingia barabarani. Kwa sekunde mbili tatu uso wake unachanua.

Kisha mhudumu anaongeza: "Na wewe utamlipia aliye nyuma yako?"

Uso unabadilika.

Ni sentensi hiyo ya pili iliyonikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Ya kwanza sina ugomvi nayo. Kumlipia mtu usiyemjua ni jambo jema, na nitalitetea hapa mpaka mwisho. Ila baina ya sentensi ya kwanza na ya pili kuna kitu kinaharibika, na kila nilipojaribu kukitaja kwa jina nilijikuta narudi kwenye hesabu. Basi nianzie huko.

## Hesabu ya mnyororo

Mnyororo ninaousema ni huu: kila aliyelipiwa anamlipia aliye nyuma yake. Chukua magari manne. Wa kwanza ameagiza kitu cha sarafu 3. Analipa chake, na juu yake analipa oda ya wa pili, sarafu 5. Wa pili, aliyekuwa atoe 5, anaguswa na kumlipia wa tatu, ambaye oda yake ni 4. Wa tatu, aliyekuja na haja ya 4 tu, anaulizwa, anaona haya kukataa, na nyuma yake liko gari lililojaa watoto: sarafu 12. Analipa. Wa nne anashukuru, anachukua vyake, anaondoka.

Sasa tazama nani ametoa na nani amepata. Wa kwanza ametoa 5 kwa hiari yake. Wa pili amebakiwa na 1 mfukoni. Wa tatu amepoteza 8. Wa nne amepata 12. Jumlisha, utapata sifuri.

Mnyororo hauongezi kitu. Hata ukiwa na watu mia, zawadi halisi ni ile ya wa kwanza. Wanaofuata wanabadilishana bili tu. Na aliyeumia kuliko wote si aliyeanzisha, ni yule wa katikati aliyekuja na hesabu ya kikombe kimoja akaondoka amelipa chakula cha familia, kwa sababu tu foleni ilimpanga pale.

Nilipoiona hesabu hii mara ya kwanza nilitaka kuikataa. Nilijiambia kwamba fedha si kitu, kinachopita kwenye mnyororo ni furaha. Hilo lina ukweli wake, na kuna utafiti unaoliunga mkono. Mwaka 2022 Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha majaribio kuhusu wema mdogo kwa wageni. Katika mojawapo, watu waliokuwa kwenye uwanja wa kuteleza juu ya barafu mjini Chicago walipewa kikombe cha chokoleti ya moto wampe mtu wasiyemjua. Waliotoa walikisia kwamba mpokeaji angefurahi kiasi fulani. Wapokeaji walifurahi kuliko makisio hayo, kwa sababu mtoaji alikuwa anafikiria kikombe, na mpokeaji alikuwa anafikiria kwamba kuna mtu amemkumbuka.

Lakini yule mpokeaji wa Chicago hakuulizwa na yeye atampa nani.

## Wa 379

Agosti 2014, katika mkahawa mmoja wa kahawa huko St. Petersburg, Florida, mteja wa asubuhi alimlipia aliyekuwa nyuma yake. Aliyelipiwa akamlipia mwingine, na ikaenda hivyo hadi jioni, watu 378 kwa jumla. Wa 379 akasema hapana. Habari zikamfanya yeye kuwa ndiye kisa chenyewe: aliyeukata mnyororo.

Siku iliyofuata mnyororo ulianza upya mahali palepale, na safari hii mwandishi mmoja wa blogu alikwenda makusudi kuukata. Hoja yake ilikuwa kwamba ukiombwa na mhudumu, huko si kutoa tena, ni kuogopa kuonekana mbaya. Alikataa kuendeleza, akamwachia mhudumu bakshishi ya dola 100.

Nimekaa sana na watu hawa wawili. Wa pili alijua anachokifanya na alikuwa na hoja. Wa kwanza ananigusa zaidi, kwa kuwa hakuwa na hoja yoyote. Alitaka kahawa. Huenda ilikuwa siku ngumu, huenda alikuwa na pesa za kikombe kimoja tu. Alipokea zawadi kama zawadi inavyopaswa kupokewa, na kwa hilo watu 378 waliomtangulia wakageuzwa mashahidi wa ubahili wake.

Waswahili tunasema tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Methali hii tunaisoma kama mawaidha kwa roho ya mtoaji, asiwe na tamaa ya kusifiwa. Siku hizi naisoma kama maelekezo ya kazi. *Nenda zako.* Uondoke kabla hajakuona. Wema ambao haujaondoka unabaki umesimama pale dirishani unadai.

## Barua ya 1784

Mara nyingi wazo hili la kupitisha wema mbele linapoelezwa, anatajwa Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani. Aprili 1784, akiwa Ufaransa, alimwandikia Benjamin Webb aliyekuwa na shida ya fedha. Alimpelekea fedha, akamwambia hazitoi kama zawadi bali anazikopesha. Siku mambo yake yatakapotengemaa na akakutana na mtu mwaminifu mwenye dhiki kama hiyo, amkopeshe huyo kwa sharti lilelile. Franklin alitumaini fedha hizo zingepita mikono mingi kabla ya kukutana na mlaghai wa kuzizuia.

Soma masharti polepole. Mpokeaji ni mwenye shida. Anapitisha baadaye, akishaweza. Anampa mwenye shida mwenzake. Na yeye mwenyewe ndiye atakayeamua siku, mahali na mtu.

Mnyororo wa dirishani umeyaacha yote hayo. Mpokeaji si mwenye shida, ni mtu aliyekuja na fedha za kulipa. Hapitishi baadaye, anapitisha sasa hivi huku injini inaunguruma. Hachagui mtu, anapewa aliye nyuma. Kilichobaki ni lile neno la mwisho kuhusu mlaghai, nalo ndilo lililomwangukia wa 379.

Hapo ndipo mawazo yangu yaligeuka. Nilikuwa najiuliza vipi mnyororo udumu. Sasa najiuliza vipi mtu alipiwe bila mnyororo kuanza.

## Dirishani

Kazi yenyewe ni ndogo, lakini ina pa kuteleza pengi, na wengi hawapajui kwa kuwa hawajawahi kusimama upande wa pili wa dirisha.

Oda za magari huingia kwenye skrini ya keshia kwa mfuatano wa kuagiza. Keshia akifunga yako, inayofuata hupanda juu. Ukisema "namlipia wa nyuma", anafunga oda yako, anafungua inayofuata, na kadi yako inapita mara ya pili. Ni malipo mawili na risiti mbili. Penye njia mbili za kuagizia zinazokutana mbele, mfuatano wa skrini na mfuatano wa magari unaweza kutofautiana: mmoja amewahi kusogea, au mwingine amekata tamaa akatoka kwenye foleni. Hapo utalipia oda ya mtu ambaye si yule unayemwona kwenye kioo, au ya mtu aliyekwishaondoka. Kwa hiyo mwombe keshia ahakikishe oda na gari kabla hujagusisha kadi.

Uliza kiasi kwanza. "Oda ya nyuma ni kiasi gani?" si swali la aibu. Aibu ni kuahidi kisha kurudi nyuma ukiona tarakimu. Ukiona ni kubwa kuliko ulichokusudia, acha kimya. Wa nyuma hajui chochote na hakuna aliyeumia.

Usilipie sehemu. Ukilipa nusu ya oda, mhudumu atalazimika kumweleza mtu kwamba zawadi yake haijatosha, na hakuna namna nzuri ya kulisema hilo.

Angalia kama ameshalipa. Watu wengi wanaagiza kwa simu na kulipa kabla ya kufika, na wengine wanakuja na pointi zao au kuponi inayokwisha siku hiyohiyo. Kumlipia mtu wa namna hiyo ni kumharibia mpango wake. Wapo pia wanaohitaji risiti yenye jina la kadi yao ili warudishiwe fedha kazini. Keshia akikwambia "huyu hapana", mwamini, umpe anayefuata au uache.

Kisha sema sentensi ambayo watu huisahau: "Tafadhali usimwombe aendeleze." Bila hiyo, mhudumu mwenye moyo mzuri atadhani anakusaidia kwa kuuliza. Hana kosa, kila mtu amesikia habari za minyororo mirefu na anadhani huo ndio ushindi. Desemba 2020, huko Brainerd, Minnesota, mnyororo wa mgahawa mmoja ulipita magari 900 kwa muda wa siku mbili na nusu. Nani asingependa zamu yake iwe ndiyo iliyoanzisha kitu kama hicho?

Ila mfikirie mhudumu huyo. Kwa kila gari anaeleza upya. Anaweka akilini oda mbili badala ya moja. Akikosea mpangilio mara moja tu, kila gari linalofuata linalipa bili isiyo yake, na zamu ikiisha hesabu ya droo haifungi. Mahali pengine muda wa kila gari dirishani unapimwa kwa sekunde, na wa kuulizwa ni yeye. Juu ya hayo, watu walioguswa na wema wa mgeni husahau bakshishi, kwa sababu wameshatoa.

Kama una kiasi na hujui umpe nani, mpe yeye.

## Mezani

Kulipia meza ya watu usiowajua kunataka macho zaidi kuliko fedha. Ongea na mhudumu mbali na meza yenyewe, karibu na kaunta. Subiri waombe bili. Ukilipa mapema watakuwa bado wanaagiza, na bili uliyodhani umeifunga itafunguliwa tena. Wakijua mapema kwamba wamelipiwa, wenye haya wataacha kuagiza walichokitaka na wasio na haya wataongeza. Ukilazimika kuondoka kabla yao, acha kiasi kinachozidi bili ya wakati huo, uache na maagizo kwamba kinachobaki ni bakshishi. Mwombe msimamizi aandike kwenye bili yenyewe kwamba imelipwa, maana mhudumu wako anaweza kumaliza zamu na mwenzake akaipeleka mezani kama deni.

Zipo meza za kuziacha.

Meza yenye mwenyeji na wageni wake ni ya kwanza. Mtu amekusanya watu awakirimu. Ukimlipia umemnyang'anya heshima aliyoiandaa, mbele ya watu aliowaandalia. Mwanamke aliyekaa peke yake ni wa kufikiriwa mara mbili, hasa mtoaji akiwa mwanamume na akiwa bado yumo ndani. Zawadi ya namna hiyo ina historia, naye hawezi kujua nia yako ni ipi. Ukitaka kumlipia, ondoka kwanza, usiache jina wala namba, na mhudumu asikuelekeze kwa kidole.

Halafu kuna ile meza tunayoikimbilia wote: ya mtu anayeonekana hana. Hapa nina wasiwasi mkubwa zaidi. Umejuaje kwamba hana? Kwa viatu vyake? Kwa kuhesabu sarafu? Akigundua kwamba alichaguliwa kwa sababu ya viatu, chakula kile kitamkaa kooni. Ukishindwa kueleza kwa nini umemchagua yeye bila kumvunjia heshima, chagua kwa namba. Meza ya tatu kutoka mlangoni, yeyote atakayekaa. Bahati nasibu haina dharau.

## Kadi inapokataa

Pengine mahali ambapo malipo ya mgeni yana uzito wa kweli ni foleni ya dukani, mashine inapolia na kusema hakuna salio. Hapa shida haihitaji kukisiwa. Iko juu ya kaunta, na watu sita wanaitazama.

Kinachoua hapa ni muda. Kila sekunde ya kujadiliana mbele ya watu inamzidishia aibu. Kwa hiyo ongea na keshia, usiongee na yeye: "Weka kwenye yangu," kwa sauti ya chini, kadi ikiwa tayari mkononi. Mwangalie mara moja ili apate nafasi ya kukataa. Akisema hapana, hapana yake iishie hapo. Usisisitize, usimwambie "mimi nina uwezo".

Lipa kilichobaki tu, sio vyote, kama sehemu alishalipa. Usiguse vitu vyake, wala usitoe maoni kuhusu kipi ni cha lazima na kipi ni cha anasa. Akikuomba namba ili akurudishie, kuna wanaosema mpe, alinde heshima yake, na kuna wanaosema usimpe, usimfunge na deni. Mimi nimeelemea kwa wa pili. Hapa ndipo maneno ya Franklin yanakaa vizuri: mwambie siku akiweza amsaidie mwingine, kisha ondoka.

Tofauti na dirishani ni ipi? Ni kwamba siku hiyo haijapangiwa tarehe.

## Kikombe kinachosubiri

Napoli, Italia, wana njia ambayo naiona bora kuliko mnyororo. Mtu anakunywa kahawa moja na kulipia mbili. Ya pili inaitwa *caffè sospeso*, kahawa iliyotundikwa. Baadaye anaingia asiye na pesa, anauliza kama ipo, anapewa. Mtoaji na mpokeaji hawaonani kamwe. Mkono wa kulia umetoa na wa kushoto haujui, kama tulivyofundishwa sote, wa msikitini na wa kanisani.

Philadelphia, duka moja la piza la Rosa's lilibadilisha jambo dogo ambalo kwangu ndilo kubwa. Mteja alilipa dola 1 ya ziada, akabandika kikaratasi ukutani. Mwenye njaa alibandua kikaratasi na kukileta kaunta. Hahitaji kuuliza "ipo?" mbele ya foleni. Anakuja na kitu mkononi, kama mteja mwingine yeyote.

Anayetaka kuanzisha utaratibu huu aanze na daftari la safu mbili: vilivyolipiwa na vilivyochukuliwa. Kila jioni safu hizo zilingane na vikaratasi vilivyobaki ukutani, la sivyo fedha za watu zitaanza kuchanganyika na mauzo na hakuna atakayejua zilikoishia. Kila kikaratasi kiandikwe kitu, sio kiasi, ili bei ikipanda mpokeaji asiambiwe aongeze. Mhudumu asipewe kazi ya kupima nani anastahili; akianza kuuliza maswali, wenye haya ndio wa kwanza kutoweka na wenye ulimi ndio watakaobaki.

Tatizo ambalo wengi hawalitarajii ni vikaratasi kurundikana. Watu hutoa kwa urahisi kuliko wanavyopokea. Ukuta ukijaa, acha kupokea vingine kwa muda na utafute kwa nini haviondoki. Mara nyingi vimebandikwa nyuma ya kaunta ambako hakuna mkono wa mteja unaofika.

Ulafi nao upo. Mwaka 2011, Marekani, mtaalamu mmoja wa programu aliweka mtandaoni picha ya kadi yake ya kahawa ili yeyote aitumie kununua kinywaji au aiongezee salio. Ilienda vizuri kwa wiki kadhaa. Kisha mwingine akaandika programu ya kuvizia salio likipanda, akahamishia kwenye kadi yake kama dola 625, na kampuni ikaifunga kadi. Kikaratasi kimoja kwa mkono mmoja kinazuia mengi ya hayo. Chungu kilichoachwa wazi hakizuii.

## Wanachodhani wengine wametoa

Kuna jaribio jingine ninalolirudia. Mwaka 2014 Minah Jung na wenzake walichapisha utafiti kuhusu malipo ya hiari: wengine waliambiwa walipe wanachotaka kwa ajili yao wenyewe, wengine waliambiwa wameshalipiwa na mtu mwingine, na sasa wanaweza kumlipia ajaye. Waliolipia wengine walitoa zaidi. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba walidhani wenzao wametoa sana. Walipoonyeshwa kiasi halisi kilichotolewa, tofauti ilipungua.

Kwa hiyo ndani ya mnyororo kila mmoja anamkimbiza mkarimu wa kufikirika. Yule wa tatu aliyelipa sarafu 12 hakushindana na aliye mbele yake, maana aliye mbele alitoa 4 tu na yeye hakujua. Alishindana na kivuli.

Ndiyo maana nataka zawadi ifike dirishani ikiwa imekamilika, isiyo na swali mgongoni mwake. Anayelipiwa na ameulizwa kama ataendeleza ana haki ya kusema "asante, leo napokea" na kusukuma gari mbele, na mhudumu ana haki ya kutomtazama vibaya. Akitaka kutoa, kuna kesho, kuna jirani, kuna droo ya bakshishi.

Na anayelipa amwandalie mhudumu maneno, kwa sababu mhudumu ndiye atakayebaki nayo mdomoni baada ya yeye kuondoka. Maneno mawili yanatosha: "Umeshalipiwa. Karibu." Kikombe kinapita dirishani, kioo kinafungwa, gari linalofuata linasogea na dereva wake anatoa kadi.

Analipa chake.